Taarifa ya Kifo cha Lumumba, na Sisi Makarani



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliuliza kwa nini gazeti hili dogo, ambalo kazi yake ni kueleza habari za mishahara, likizo na nyumba za watumishi, litie ndani yake habari za mauaji ya wakubwa wa nchi. Swali lake ni la haki, wala silidharau. Namjibu kwa heshima kwamba Patrice Lumumba, kabla hajawa Waziri Mkuu wa Kongo, alikuwa karani wa posta. Alisomea kazi hiyo Leopoldville, kisha akafanya kazi Stanleyville, mji ambao leo waitwa Kisangani na ambao watu wake wasema Kiswahili kama sisi. Alikaa mezani kama tukaavyo, akipokea fedha, akipiga mihuri, akijaza daftari. Tena katika mji huo aliongoza tawi la chama cha watumishi wenyeji wa serikali, chama cha namna hii hii yetu. Sitaki kumfanya malaika: mwaka 1956 alikamatwa kwa ajili ya fedha za posta alizozitumia, akafungwa. Lakini alikuwa mwenzetu, na karatasi zilizohusu kifo chake zilipita katika mikono ya makarani. Kwa hiyo naona habari hii ni yetu kabisa, pengine kuliko ilivyo ya wanasiasa.

Mambo yenyewe wengi wayajua, nami nitayapita upesi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mwezi Septemba Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu, na siku chache baadaye Kanali Mobutu akashika mamlaka. Lumumba alizuiwa nyumbani, akatoroka mwishoni mwa Novemba akielekea kwao Stanleyville, akashikwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 alipakiwa katika ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe. Walipigwa ndani ya ndege, wakapigwa tena walipofika, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini. Wakubwa wa Katanga walikuwapo, na maofisa Wabelgiji waliokuwa wakiitumikia serikali ile walikuwapo pia.

Mwezi Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba watu hao watatu walitoroka, wakauawa na wanakijiji wenye hasira. Tume ya Umoja wa Mataifa ilichunguza, na ijapokuwa haikufika mahali pa mauaji, mwezi Novemba 1961 ilisema kwamba hadithi ile haiaminiki, na kwamba yamkini watu hao waliuawa tarehe 17 Januari mbele ya wakubwa wa Katanga. Baada ya hapo dunia ikanyamaza. Huko Marekani, mwaka 1975, kamati ya Baraza la Seneti ilifunua kwamba idara yao ya ujasusi ilikuwa imefanya mpango wa kumwua Lumumba kwa sumu, ila haikukuta kwamba idara hiyo ndiyo iliyomwua. Ubelgiji, ambako karatasi nyingi zilikuwa zimelala, hakuna aliyefungua kabati.

Kabati lilifunguliwa na mtu asiye na cheo. Mwaka 1999 Mbelgiji mmoja, Ludo De Witte, alitoa kitabu juu ya mauaji hayo, akiwa amesoma simu za maandishi na barua za wizara, moja moja, kwa tarehe zake. Kitabu kile kiliitia serikali yao aibu, na mwaka 2000 Bunge la Ubelgiji likaunda Tume ya uchunguzi. Tume hiyo ilipewa wanahistoria wanne wa kuisaidia, ikapewa ruhusa ya kusoma mafaili ya serikali, ikawahoji wazee waliokuwa hai. Mwezi Novemba 2001 ilitoa taarifa yake, kitabu kinene kama matofali mawili yaliyobebana.

Yafaa niwape sifa wanaostahili. Si jambo la kila siku kwa nchi kuketi na kusoma barua zake yenyewe mbele ya watu. Tume ile ilisema wazi kwamba serikali ya Ubelgiji ya wakati ule ilifanya kazi ya kumpindua Lumumba, ikatoa fedha za siri kwa kazi hiyo. Kwamba iliunga mkono kupelekwa kwake Katanga, mahali ambapo kila mtu alijua adui zake ndio wenye nchi. Na kwamba ilipopata habari za kifo chake ilichagua kunyamaza. Hata nyumba ya mfalme haikuachwa. Mwezi Oktoba 1960 ofisa mmoja wa jeshi la Ubelgiji aliyekuwa karibu na Tshombe aliandikia jumba la mfalme, akieleza mashauri ya kumwondoa Lumumba, ikiwezekana kwa mwili wake. Na habari hiyo ya hatari mfalme hakuipeleka kwa mawaziri wake. Haya yote yamo katika taarifa ya Bunge, na aliyeyaandika ni mtumishi wa Bunge hilo hilo.

Basi malalamiko yangu ni nini? Ni juu ya maneno mawili.

Neno la kwanza limo katika simu ya tarehe 6 Oktoba 1960. Waziri wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, aliandika kwa watu wake wa Elisabethville kwamba shabaha kubwa ya kufuatwa, kwa faida ya Kongo na Katanga na Ubelgiji, ni kuondolewa Lumumba kabisa, kuondolewa kusiko na marejeo. Tume iliisoma simu hiyo, ikafikiri, ikasema kwamba maana yake ni kuondolewa katika siasa. Wala sisemi kwamba tafsiri hiyo haiwezekani. Karani yeyote aliyekaa muda mrefu katika kazi ajua kwamba mkubwa huandika maneno yenye milango miwili: ukimfuata kwa mlango huu, yeye ametokea kwa mlango ule. Lakini waziri yule yule, tarehe 16 Januari 1961, alituma simu nyingine akisisitiza kwamba Lumumba apelekwe Katanga haraka iwezekanavyo. Siku ya pili yake Lumumba alikuwa maiti. Mimi nikiwekewa mezani simu mbili kutoka kwa mkono mmoja, ya kwanza ikitaja shabaha na ya pili ikitaja njia, siwezi kuzisoma kana kwamba moja yatoka Mombasa na nyingine Bagamoyo.

Neno la pili ni la Tume yenyewe. Ilisema kwamba haikuona karatasi wala shahidi wa kuonyesha kwamba serikali ya Ubelgiji, au mmoja wa mawaziri wake, alitoa amri ya kuua. Lakini kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali hiyo na Wabelgiji wengine wana dhima ya kimaadili katika mambo yaliyoleta kifo cha Lumumba. Sikilizeni vizuri, wenzangu mnaoandika taarifa kila mwezi. Baadhi. Wengine. Dhima ya kimaadili. Katika mambo yaliyoleta. Sentensi hiyo ni safi, imepigwa pasi, haina doa. Na hakuna mtu mmoja ndani yake. Hakimu hawezi kumwita mtu anayeitwa Baadhi. Polisi hawezi kubisha hodi kwa Mambo Yaliyoleta. Mwezi Februari 2002 Waziri wao wa mambo ya nje, Louis Michel, aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake, na radhi ni kitu kizuri. Lakini nayo iliombwa kwa kipimo cha sentensi ile, wala haikuzidi.

Mtaniuliza, wewe wajua nini juu ya sentensi kama hizo? Nazijua kwa kuwa nimepata kuandika moja.

Ni miaka mingi, nilikuwa karani kijana katika ofisi ambayo sitaitaja. Fedha za soko zilipotea katika kasha. Wakaketi watu watatu kuchunguza, nami nikawekwa kuandika. Ilionekana katika mahojiano kwamba tangu mchana ule ufunguo wa kasha ulikuwa kwa mkubwa mmoja wa ofisi, naye mwenyewe alikiri. Nikaandika: ufunguo ulikuwa kwa Bwana Fulani. Asubuhi yake niliitwa, nikaambiwa kwa upole, wala si kwa ukali, kwamba mstari huo umekaa vibaya. Afadhali niandike kwamba ufunguo ulikuwa ofisini. Nikarudi mezani nikapiga ukurasa upya. Ule wa kwanza ukachukuliwa, sikuuona tena. Tazameni: sikuandika uongo. Bwana Fulani alikuwa ofisini, na ufunguo alikuwa nao. Lakini ofisini alikuwamo pia tarishi wetu, mzee mwenye watoto sita, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango. Alifukuzwa bila kiinua mgongo. Alipokuja kuaga alinishika mkono akaniambia, “Ahsante mwanangu, najua wewe huna mkono katika jambo hili.” Nami nilikuwa ndiye mwenye mkono. Mkono ulioandika “ofisini” ni wangu.

Kwa hiyo nisomapo “baadhi ya wajumbe” namfikiri yule karani wa Bunge aliyeandika, na aliyemwambia aandike hivyo, na upole wa sauti yake.

Lakini kuna namna mbaya zaidi ya hiyo, nayo iko karibu na kwetu. Mwezi Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Kenya aliyependwa sana na wanyonge, aliuawa, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong. Bunge la Kenya lilichagua kamati yake lenyewe, chini ya Elijah Mwangale, ikafanya kazi kwa muda wa miezi michache tu, ikaleta taarifa mwezi Juni. Kabla taarifa haijawekwa mezani, majina mawili yaliondolewa ndani yake, moja la waziri aliyekuwa katika ofisi ya Rais na jingine la mlinzi wa Rais. Hata hivyo Bunge liliikubali taarifa kwa kura 62 dhidi ya 59, na waliopiga kura hiyo hali wana vyeo vya serikali walivipoteza. Wapo waliofungwa baadaye, na wapo waliowekwa kizuizini.

Nimekuwa nikipima mambo haya mawili. Huko Nairobi walitoa majina. Huko Brussels waliandika sentensi ambayo haikuhitaji majina. La Nairobi lilifanywa kwa nguvu na kwa haraka, nalo kwa sababu hiyo liliacha alama: kila mtu alijua kwamba kuna nafasi tupu katika ukurasa, na baada ya muda si mrefu majina yalijulikana mitaani. La Brussels lilifanywa kwa adabu, na nafasi tupu haionekani. Kama ningelazimishwa kuchagua taarifa moja ya kuhifadhi, ningehifadhi ile ya Brussels, maana ina karatasi nyingi mno na mwenye macho aweza kujisomea simu zenyewe asijali hitimisho. Lakini kwa ushujaa wa walioiandika, wa Nairobi wanapita. Wao walikuwa wakimchunguza mtu aliyekuwa bado katika kiti. Wale wa Brussels walichunguza baada ya miaka 40, wakubwa wengi wakiwa wameshazikwa kwa heshima zote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wauaji wa Katanga walijitahidi sana kuufuta ushahidi. Waliwafukua marehemu mahali walipozikwa, na polisi mmoja Mbelgiji, Gerard Soete, pamoja na msaidizi, akawakatakata na kuwayeyusha kwa tindikali. Hapakubaki kaburi. Kilichobaki ni jino lenye dhahabu ambalo polisi huyo alijichukulia kama mtu achukuavyo pembe ya mnyama aliyemwinda, akakaa nalo kwao miaka na miaka. Jino hilo liliwekwa mikononi mwa watoto wa marehemu mjini Brussels mwezi Juni 2022, na siku hiyo Waziri Mkuu wa Ubelgiji alirudia maneno yale yale ya dhima ya kimaadili, kana kwamba yalikuwa yamewekwa akiba pamoja na jino. Likapelekwa Kongo, likazikwa Kinshasa.

Mwili, basi, uliyeyushwa. Lakini simu ya tarehe 6 Oktoba haikuyeyushwa. Kwa nini? Kwa sababu siku ile ilipopelekwa, karani fulani, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote, aliitia namba, akaandika tarehe, akaiweka katika faili lake. Yamkini hakujali maana yake. Yamkini hata alikubaliana nayo. Lakini alifanya kazi yake sawasawa, na kwa sababu hiyo miaka 39 baadaye mtu asiye na cheo aliikuta. Tindikali yote ya Katanga haikufika katika kabati lile. Nami nasema kwamba karani huyo, pasipo kujua, ndiye shahidi mkubwa kuliko wote waliohojiwa na Tume.

Najua wapo watakaonijibu kwamba sisi tumeapa kutunza siri, na kwamba nikisema hivi nawafundisha vijana kuiba karatasi na kuzipeleka magazetini. Sivyo. Aliyeiweka ile simu katika faili hakumpelekea mtu. Aliiweka mahali pake tu. Kiapo chetu chatukataza kuitoa siri nje, lakini sijapata kuona kiapo kinachoamuru kuichoma. Kutunza siri maana yake ni kuitunza. Aichanaye hakuitunza, ameiua.

Tena wapo watakaosema, hayo ni mambo ya wakubwa, karani afanye nini akiamriwa? Jambo hilo ni zito, nami siwezi kumlaumu kijana mwenye mke na kodi ya nyumba, hali mimi mwenyewe nilishindwa kwa jambo dogo la kasha. Hata hivyo sheria haisamehe kila mtu mdogo kwa udogo wake. Watoto wa Lumumba walipeleka mashtaka Brussels mwaka 2011, wakiwataja Wabelgiji kwa majina, kitu ambacho Tume haikukifanya katika hitimisho lake. Kesi ilitambaa, washtakiwa wakafa mmoja mmoja, na mwaka 2025 waendesha mashtaka waliomba mmoja aliyesalia apelekwe mahakamani. Mzee huyo amekana. Sitamhukumu mimi, lakini yafaa tujue kwamba mwaka 1961 hakuwa waziri wala jenerali, bali kijana anayejifunza kazi ya ubalozi. Katika umri wa zaidi ya miaka 90 aliulizwa juu ya karatasi za ujana wake.

Kwa sababu hizo naleta mbele ya chama shauri moja, nalo si la kuipinga serikali. Mwanachama yeyote aandikaye kumbukumbu za baraza la uchunguzi, kubwa au dogo, hata la kasha la soko, akiamriwa kubadili mstari baada ya mashahidi kusikilizwa, na aubadili ikiwa ameamriwa. Lakini ukurasa wa kwanza abaki nao katika faili lile lile, aandike ubavuni tarehe, na cheo cha aliyemwamuru, na sahihi yake mwenyewe. Chama nacho kikubali kumsimamia mwanachama atakayeadhibiwa kwa kufanya hivyo, kama kinavyomsimamia aliyekatwa mshahara bila haki. Nimekwisha kumwomba Katibu aliweke shauri hili katika mambo ya mkutano ujao. Wasiokubaliana nami na waniandikie kwa anwani ya chama, wala wasione haya kusema kwa ukali. Barua zao nitazisoma zote, na nitaziweka.

Mimi,
Karani wa Zamani